Nyumba Isiyofunga Mlango

Mwaka tauni ilipopanda mto kutoka mji wa Ros, Murchad mvushaji alipata kazi ambayo hata marehemu baba yake hakuwahi kuiota. Watu walimiminika Tech Moling, kijiji chake chenye nyumba ya watawa, kuja kutembea ndani ya maji ya mtakatifu: mapadri wanene juu ya farasi, Waingereza wa mjini na wake zao waliojitanda mpaka puani, wachunga ng'ombe walioshuka milimani pekupeku, wagonjwa kwa wazima. Wote walikuwa na hofu ile ile, na kila mmoja alitaka avushwe kwanza. Jioni Murchad alirejea nyumbani mabega yamekufa ganzi, kapu limejaa mikate ya shayiri na mabonge ya siagi, maana wengi walimlipa kwa chakula.

"Wakiendelea hivi tutanawiri," alimwambia mkewe.

"Tutanawiri au tutazikwa," Derbail alijibu. Kapu hakuligusa. "Unawashika mikono?"

"Sasa nitawapandishaje chomboni? Niwarushe kama magunia?"

Mama yake Murchad, Gormla, alicheka pale alipoketi karibu na moto. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu kwa miaka mingi, naye aliwatambua watu kwa hatua na kwa kukohoa. Nyumba ile ya fito na udongo, juu kidogo ya kivuko, ilikuwa yake kabla haijawa ya mwanawe, na sifa yake ilikuwa moja: mlango wake haukufungwa. Msafiri aliyekutwa na mvua aliingia, akala, akalala, na hakuna aliyemuuliza ametoka wapi mpaka ashibe. Kwingineko mtu bahili aliweza kutungiwa wimbo wa kejeli ukaimbwa mpaka na wajukuu zake. Nyumba ya Gormla haikuwahi kuimbwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema bibi huyo. "Mkeo anataka kutufundisha uchoyo uzeeni, Murchad."

"Mama, huko Ros wanazika watu shimo moja kama vitunguu," Derbail alisema. "Muuza siagi kaniambia. Padri kaenda kumuungamisha mtu asubuhi, wote wawili wamelazwa pamoja."

"Muuza siagi na mdomo wake."

"Mimi nina mtoto mmoja tu, mama."

Mtoto mwenyewe, Ronnat, alikuwa amelala chali juu ya nyasi kavu, miguu juu ya ukuta, akiuimbia mguu wake wimbo. Alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Murchad alimtazama binti yake, kisha akamtazama mkewe, akasema kwa sauti ya chini kwamba basi, kuanzia sasa wageni watalala zizini kwa ndama. Chakula watapelekewa.

"Zizini," Gormla alirudia, kama mtu aliyeonja kitu kichungu. Lakini jambo likapita hivyo.

Finan alifika alasiri moja, mvua ikinyesha ya kumwaga. Alikuwa mdogo wake Derbail, fundi viatu huko Ros, mtu wa maneno mengi na mizaha. Nyuma yake alikuja mkewe Bebin, amembeba mgongoni binti yao Lasair, na joho lililowafunika wote wawili lilikuwa likichuruzika maji.

"Hodi wenyewe!" Finan aliita kutoka uani. "Wekeni chungu motoni, mafundi viatu hula kama farasi!"

Murchad alikuwa mlangoni. Alinyoosha mkono na kuushika mwimo wa pili, akawa ameuziba mlango kwa mwili wake bila kutaka ionekane hivyo.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji. Vipi, umekuwa mlango siku hizi?"

Murchad aligeuka akamtazama mkewe. "Ni ndugu yako huyu," alisema polepole. "Mimi siwezi. Sema wewe."

Derbail alisogea mlangoni. Ronnat alijaribu kupenya chini ya mkono wake, akipiga kelele, "Mjomba kaja! Mjomba kaja!" Derbail akakirudisha kichwa cha mtoto ndani kwa nyonga.

"Mmetoka Ros lini?"

"Juzi. Mtaa wetu umekwisha, dada. Mwenye nyumba wetu, yule Mwingereza muuza ngozi, kafa na wanawe wote. Hakuna wa kumtengenezea viatu, maana hakuna mwenye miguu. Tumesema twende kwa dada."

"Finan, inua mikono."

"Nini?"

"Inua mikono nikuone kwapa."

"Dada, mvua hii—"

"Inua."

Finan alimtazama shemeji yake, akamwona ameinama anakagua kidole chake cha gumba. Akaliweka furushi lake kwenye tope. Akavua joho, akapandisha shati mpaka shingoni, akanyanyua mikono yote miwili. Mvua ilimpiga kifuani. Mbavu zake zilihesabika.

"Unanunua ng'ombe, dada? Nifungue na mdomo uone meno?"

Hakuna aliyecheka. Kwapa zilikuwa safi.

"Na Bebin," Derbail alisema.

Bebin alikuwa mwanamke mwenye haya. Hata nywele zake hakuzichana mbele ya shemeji. Alimshusha mtoto chini, akasimama kitambo kana kwamba hakusikia vizuri. Murchad akageuza uso kabisa, akatazama ukuta. Ndipo Bebin akalegeza shingo ya gauni lake, akaliteremsha bega moja, kisha la pili, akainua mikono. Hapakuwa na jipu wala alama. Ilikuwa ngozi tu iliyosisimka kwa baridi. Alipokuwa akijifunika, akakohoa. Kikohozi kilimshika kikamtikisa mpaka akainama.

"Ni kifua tu, wifi," alisema alipopata pumzi. "Jana tumelala kwenye majani mabichi."

"Haya, mmeona," Finan alisema. Sauti yake ilikuwa imeishiwa mzaha. "Sasa tuingie?"

Derbail aliwatazama. Alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba wale watu walikuwa wazima. Alijua pia kwamba wote waliozikwa Ros walikuwa wazima siku moja kabla.

"Nenda, Finan."

"Niende wapi? Si mna zizi?"

"Zizi liko karibu mno na mtoto. Kuna lile tanuri kuukuu la kukaushia nafaka, kule juu mlimani. Lina paa nusu. Nitawaletea chakula."

"Dada. Niangalie."

Hakumwangalia. Aliuvuta mlango, ule mlango wa fito na ngozi ambao kazi yake miaka yote ilikuwa kuzuia kuku, akatafuta kitu cha kuufungia, hakuna, akachukua mkanda wa mumewe.

"Nani huyo hapo nje?" Gormla aliuliza kutoka kwenye moto. "Kwa nini haingii?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hakuna mtu," bibi alisema, "anakohoa?"

Tangu siku hiyo Gormla hakupokea chakula kutoka mkononi mwa mkwewe. Derbail akiweka bakuli la uji mbele yake, bibi aliliacha mpaka lipoe, kisha akamwita Ronnat alishike yeye na ampe. Maneno hakumtupia. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Murchad alipeleka mikate mlimani, akaiacha juu ya ukuta wa mawe mbali na tanuri, kama Derbail alivyomwagiza. Kesho yake mikate haikuwapo. Akapeleka tena.

"Umewaona?"

"Nimeona moshi."

"Hukuwaita?"

"Ningewaambia nini, Derbail?"

Na kazi ya kivuko ikaendelea. Murchad hangeweza kuiacha. Kivuko kilikuwa cha watawa, na msimamizi wao alikuwa amemwambia wazi kwamba akiwazuia watu wa Mungu, chombo atapewa mwingine. Kwa hiyo mchana kutwa aliwashika mikono, akawaegemeza vikongwe begani, akawabeba wagonjwa mgongoni akivuka nao matope mpaka kwenye chombo. Jioni alioga mtoni kabla ya kuingia ndani. Derbail alimsimamia, akihakikisha analowesha mpaka nywele.

Asubuhi moja alishindwa kuinua kafi.

"Nimeteguka bega," alisema. "Yule mnene wa jana, mzito kama fahali."

Derbail alimpandisha shati. Kwapani palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la bata, mwekundu, unang'aa. Wakaangaliana. Murchad akalishusha shati taratibu, kama mtu anayefunika chakula ambacho hakijaiva.

"Usimlete Ronnat karibu," alisema. Akajikokota mwenyewe mpaka zizini, akalala kwa ndama.

Alimaliza siku chache tu. Mwisho alimwita mama yake, na hapana aliyeweza kumzuia Gormla. Alipapasa ukuta mpaka zizini, akaketi, akakilaza kichwa cha mwanawe mapajani. Derbail alipokwenda kutafuta wa kumbeba maiti, wanaume wa kijiji walikuwa wamepanda malishoni na ng'ombe wao, au ndivyo wake zao walivyosema. Watawa nao walikuwa wakizikana wenyewe kwa wenyewe. Basi yeye na bibi asiyeona walimfunga Murchad katika ngozi iliyokuwa imewambwa kwenye chombo kibovu, wakamburuta mpaka nyuma ya zizi, wakamfunika kwa mawe ili mbwa wasimfikie. Ilikuwa kazi ya siku nzima. Gormla alivunja kucha mbili.

Walipoingia ndani, Ronnat alikuwa amekaa karibu na moto na joho la baba yake, anatetemeka.

"Nasikia baridi, mama," alisema. "Na hapa panauma." Akagusa kinena.

Derbail alikesha, kisha akapitiwa na usingizi bila kujua, kichwa juu ya miguu ya mtoto. Alipozinduka kulikuwa kumekucha na jiko lilikuwa majivu matupu. Moto ule ulikuwa haujazimika tangu Gormla aolewe. Alichakura, akapuliza, hapakuwa na cheche. Kuni zilikuwa zimelowa, na jiwe la kuwashia halikutoa kitu mikononi mwake. Alichukua chungu kidogo akaenda kwa Orlaith, jirani yake wa karibu, ambaye Derbail alimzalisha watoto wake wawili.

Mlango wa Orlaith ulikuwa umefungwa kwa gogo kwa ndani.

"Orlaith, ni mimi. Nipe kaa moja la moto. Mtoto ana baridi."

Sauti ikaja kutoka nyuma kabisa ya nyumba. "Derbail, usisogee mlangoni."

"Sisogei. Lirushe nje tu, nitaliokota mwenyewe."

"Siwezi kufungua."

"Nilikushika mkono ulipokuwa unakufa kwa uchungu wa yule wa pili, Orlaith."

"Najua. Najua, dada yangu, Mungu anajua." Orlaith alikuwa analia. "Usinilaumu. Nina wanne humu ndani."

Derbail alisimama pale na chungu chake kitupu. Yale maneno aliyajua. Aliyajua kwa upande wa ndani wa mlango. Akarudi.

Gormla alikuwa amemkumbatia Ronnat ndani ya joho lake, ngozi kwa ngozi, akimpa joto alilokuwa nalo. Aliposikia hatua za mkwewe zinaingia polepole, alielewa.

"Njoo upande huu," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Derbail tangu siku ile. "Tumweke katikati."

Wakamweka katikati. Mtoto aliongea sana siku hiyo, mambo ya ndama na ya wimbo fulani ambao mstari wake wa mwisho ulimpotea. Bibi alimtajia mstari huo, mtoto akaurudia, akausahau tena, akauliza tena. Kesho yake, kulipoanza kupambazuka, aliacha kuuliza.

Finan alikuja asubuhi hiyo hiyo. Alisimama uani na jembe begani na chungu mkononi, na kutoka kwenye chungu ulipanda moshi mwembamba. Ndevu zilikuwa zimemjaa. Derbail alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, akadhani ni mtu mwingine.

"Sikuona moshi," alisema. "Kila asubuhi natazama moshi wenu kutoka kule juu. Jana haukuwapo. Nikasema labda kuni zimelowa. Leo tena haupo."

Derbail alitikisa kichwa tu.

"Nani?"

"Murchad. Na Ronnat."

Finan aliweka chungu cha moto kizingitini, bila kuvuka, akarudi nyuma. "Washeni kwanza," alisema. "Mimi nachimba."

Alichimba kwenye kilima kidogo juu ya mto, ardhi iliyojaa mawe. Derbail alitaka kumsaidia, akamwambia akae. Wakamtoa Murchad chini ya mawe nyuma ya zizi, wakamweka Ronnat juu ya kifua cha baba yake, shimo moja. Padri hakuwapo. Gormla aliletwa akishikwa mkono, akapiga magoti ukingoni, na akaanza kilio kile cha zamani, kile ambacho hapo awali wanawake ishirini wangekiitikia. Alitaja jina la mwanawe, la baba wa mwanawe, na la ng'ombe waliompenda. Alimtaja mjukuu wake kwa meno yaliyomng'oka. Sauti yake ilivuka mpaka nyumba za jirani, na kwenye nyumba zile hakuna mlango uliosogea. Derbail ndiye aliyeitikia, peke yake, mpaka koo likakauka.

Finan alipokuwa akikung'uta udongo kwenye jembe, Derbail alisema, "Una mkono wa haraka."

"Umezoea. Nimeshachimba kabla ya leo."

Derbail alimtazama. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mdogo wake amekuja peke yake.

"Bebin?"

"Wiki ya pili."

"Ilikuwa... ilikuwa hii?"

"Hapana. Kifua." Alifuta mikono kwenye majani, kidole kwa kidole, kama mtu mwenye kazi nyingine mbele yake. "Lile tanuri linavuja. Angepata pakavu—"

Hakumaliza. Derbail alikuwa ameketi chini kwenye udongo mbichi.

"Mwanangu," Gormla alimwita Finan akinyoosha mkono hewani, "ingia ndani ule kitu. Moto umewaka."

"Asante, mama. Lasair yuko peke yake kule juu." Akaliweka jembe begani, akaenda.

Baada ya sikukuu ya mtakatifu Brigid, barafu ilipoyeyuka na maji ya mto kujaa, Finan alishuka tena. Sasa alikuwa amefunga furushi lake na amemshika Lasair mkono. Kufikia hapo mahujaji walikuwa wamekwisha. Msimamizi wa watawa alikuwa amekufa, na hakuna aliyekuja kudai chombo. Ng'ombe wasio na mwenyewe walizurura kandokando ya mto, na kule ng'ambo mashamba ya Waingereza yalikuwa yameota magugu. Derbail alikuwa amejifunza kafi. Viganja vyake vilikuwa vimeota sugu kama vya mwanamume.

"Mnaenda wapi?"

"Laois, kwa watu wa Bebin. Wanasema ardhi iko wazi huko, Waingereza wamekwisha au wamekimbilia kwao ng'ambo ya bahari. Watahitaji viatu."

"Ingieni kwanza mle chakula. Mama atafurahi."

"Tuna safari ndefu."

Derbail alimtazama mtoto. Alikuwa mwembamba, na pua ya Bebin. "Finan, niachie huyu. Hata msimu mmoja tu, mpaka utulie. Nitamtunza kama—"

"Hapana, dada."

"Unaniadhibu."

"Sikuadhibu. Nimebaki na huyu tu." Akaukaza mkono wa mtoto. "Ungekuwa wewe, ungemwacha?"

Derbail akawapandisha chomboni. Mto ulikuwa na nguvu, akapiga kafi kwa mkao aliouiga kwa marehemu mumewe, magoti yamebana. Lasair alikaa katikati akitazama nyuma, nyumba ikizidi kuwa ndogo.

"Shangazi, ile ndiyo nyumba yako?"

"Ndiyo."

"Ile iliyomkataa mama?"

"Lasair," Finan alisema.

"Mwache." Derbail alipiga kafi mara kadhaa kabla ya kuendelea. "Nyumba haikatai mtu, mwanangu. Ni mimi niliyemkataa."

Mtoto alifikiri. "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa mama?" Alishangaa kwa dhati, maana mama yake alikuwa mtu aliyeogopa hata bata. Alimgeukia baba yake ili amweleze, lakini baba yake alikuwa akitazama maji. Chombo kikagusa tope.

Finan alimshusha binti yake, akashusha furushi. Kisha akatoa mkate wa shayiri, akauweka juu ya ubao wa chombo, kama abiria yeyote.

"Chukua mkate wako," Derbail alisema. "Ndugu halipi."

"Nimevushwa," Finan alijibu, bila ukali. "Anayevushwa hulipa." Akamgusa dada yake begani, mguso mfupi, wa mkono mzito wa fundi, akamnyanyua mtoto mabegani na kuanza kupanda. Derbail alisubiri. Njia ilikata kona kwenye miti ya mialoni. Hakuna aliyegeuka.

Aliporudi, Gormla alikuwa ameketi kizingitini akiota jua, uso ameuelekeza mtoni.

"Ulikuwa na watu wawili," alisema. "Mmoja mtoto."

"Ndiyo, mama."

"Hawakuja kula?"

"Niliwaambia. Wamevuka."

Bibi aliinamisha kichwa. Alisogea akampa mkwewe nafasi kwenye kizingiti, na Derbail akaketi, mkate ukiwa mapajani. Alitaka kuumega, mikono ikakataa. Ng'ambo kule mtu alipiga mluzi akiita chombo, akapiga tena. Derbail aliuweka mkate kwenye mkono wa Gormla, akainuka, akaenda.